Kadi Isiyo na Jasho

Mnaoanza kusoma habari zangu leo, msijali, hamjapitwa na mengi mazuri. Mimi ni Ouida Stegall, mfua jezi wa shule ya Tolliver, hapa Texas, mwaka wa thelathini na moja sasa. Darasa la sita niliacha nikaenda kuchuma pamba, na tangu hapo elimu yangu nimeipata kwenye mifuko ya nguo za watu.

Wasomaji wa kila wiki mnakumbuka tulipofika. Binti yangu Lurleen alikimbilia Oklahoma na muuza matrela, akaniachia mwanawe Dabney. Kisha upepo ukaondoka na paa. Kisha Dabney akachaguliwa kwotabeki wa timu yetu ya Nungunungu, yaani yule kijana anayepokea mpira kwanza na kuamua amrushie nani, nami nikadhani mikosi imechoka na sisi.

Haikuchoka. Ijumaa ile dhidi ya shule ya Quarles, mjukuu wangu alirusha mpira mara tatu, na mara zote tatu ukadakwa na vijana wa Quarles. Kabla ya mapumziko Kocha akamtoa, akamwingiza Brance Pruitt. Mji mzima ukasema Dabney hafai. Walisema dukani kwa muuza mbegu, walisema saluni, na kwenye mazishi ya mzee Tidwell watu walimjadili Dabney kuliko marehemu.

Jumatatu, kwenye kikao cha wazazi, nikasimama juu ya benchi la kantini nikaapa. Mpeni mtoto Ijumaa moja tu. Akiharibu, nakabidhi ufunguo wa chumba cha kufulia na sitauomba tena. Kocha akasema atafikiria. Hapo ndipo nilipowaacha, nimeinua ufunguo juu kama mtu anayetafuta mtandao.

Leo nitawaambia nani alinisaliti. Lakini naomba mnivumilie, maana kabla ya kufika kwake nilisimama pahali pabaya.

Jumanne ni siku ya kanda. Jezi na suruali huingia mashine, lakini kanda za mkononi nazifua kwa mkono, kwa sababu zina kidirisha cha plastiki na mashine hukivunja. Ndani ya kidirisha hukaa kikadi chenye maandishi madogo kama sisimizi. Kocha akiita "kumi na saba," kila kijana anatazama mkononi mwake, anaona kumi na saba ni mchezo gani, anakwenda huko. Wote wana kadi moja ile ile. Bila hivyo ni fujo.

Nikaanza kutoa kadi, moja moja. Zilikuwa zimekunjamana, zimelowa, mbili zimegandana kwa jasho. Nikatoa ya Dabney. Safi, imenyooka. Nikaitupia jicho.

Kwa wenzake wote, kumi na saba: kimbieni kulia.

Kwa Dabney, kumi na saba: rusha kushoto.

Nikatafuta miwani. Ilikuwa kichwani. Nikasoma tena. Ishirini na mbili, tofauti. Thelathini na nne, tofauti. Kadi yake ilikuwa imeruka mstari mmoja kutoka juu hadi chini.

Nikakaa juu ya ndoo. Ndoo ikapasuka, lakini hiyo ni habari nyingine.

Mara tatu mjukuu wangu alirusha kushoto, na kushoto hakukuwa na mtu ila vijana wa Quarles. Mji ukamcheka. Kumbe mtoto alitii alichoandikiwa.

Na nani anaandika kadi? Nelwyn Pruitt.

Nelwyn ni karani wa shule. Kila Jumatano Kocha humpa orodha, yeye huipiga chapa. Kila Alhamisi huja chumba cha kufulia na mkasi wake, anakata kadi na kuzitia kwenye kanda, mimi nakunja soksi, na hakuna mtu Tolliver anayebaki na siri. Ni rafiki yangu kwa miaka arobaini. Mume wangu alipozikwa, yeye ndiye aliyenishika kiuno nisiangukie kaburi.

Na kila mwaka, kwa Ijumaa ya Kurudi Nyumbani, wakati wanafunzi wa zamani wanaporudi kutazama mchezo, yeye hunitengenezea mimi ua la kifuani na mimi namtengenezea yeye. Si ua la kuonea haya. Ni kubwa kama sahani, tepe zake zinafika magotini, na lina njuga za kutosha kutawanya ng'ombe. Hapa kwetu hakuna anayevaa ua alilojitengenezea mwenyewe. Ukijitengenezea, maana yake huna mtu.

Lakini Nelwyn ni bibi yake Brance. Yule Brance aliyeingia Dabney alipotolewa.

Sikuvua hata aproni. Nikaenda kwa Kocha na povu mikononi.

Kocha Lyle Hruska nilimlisha mimi. Alipokuwa kijana wa kucheza, mama yake mgonjwa, alikula maharage yangu na mkate wa mahindi misimu mitatu. Ndiyo maana hata leo, na upara wake, ananiita Mama.

"Mama Ouida, kama ni habari ya ule ufunguo..."

"Soma."

"Nini hii?"

"Soma, Lyle. Nilikulisha upate macho."

Akaziweka kadi mbili sambamba mezani. Akasoma. Akavua kofia.

"Kumi na saba," akasema polepole. "Nilimuuliza siku ile, kwa nini umerusha kushoto? Hakunijibu. Alitazama chini tu."

"Angekujibu nini? Alitazama mkono wake, mkono ukamdanganya."

"Nelwyn hajawahi kukosea hata nukta."

"Sijasema amekosea."

Kocha akaniangalia. "Mama, hilo ni neno kubwa."

"Na mimi ni mtu mnene. Nalimudu."

Saa nane mchana mambo yalikuwa yamekatwa. Dabney ataanza Ijumaa. Brance atakaa benchi. Nelwyn asiguse kadi mpaka wakubwa wa shule waangalie. Kadi za wiki hii atakata nani? Nitakata mimi.

Kufika jioni mji ulishajua. Wanawake wawili walibadilisha siku zao za saluni wasikae kiti cha karibu na Nelwyn.

Mimi nikatembea barabara kuu kama niliyeshinda uchaguzi. Muuza mbegu akanipungia kofia.

"Si nilisema, Bi Ouida? Mkono wa yule kijana ni dhahabu."

"Ulisema ni mkono wa kukamulia ng'ombe."

"Na hiyo nayo ni kazi ya watu."

Jumatano Brance aliniletea mfuko wa jezi za mazoezi. Kijana mrefu, masikio makubwa, adabu zake zote ziko mahali pake. Akauweka chini taratibu.

"Shikamoo, Bibi Ouida."

"Marahaba," nikaujibu mfuko.

Hakuondoka. "Bibi yangu hali chakula tangu jana."

"Mwambie ajaribu supu."

Hivyo ndivyo nilivyomjibu mtoto wa watu. Ninayaandika mwenyewe ili asije akayaandika mwingine akayapamba.

Alhamisi nimekaa peke yangu na mkasi, nakata kadi mpya, mistari inaenda mrama kama njia ya mlevi. Mlango ukafunguliwa. Nelwyn. Amevaa gauni la kanisani siku ya kazi, ameshika boksi.

"Nimeleta vitu vya ofisi ulivyoniazima," akasema. "Rula yako. Gundi. Kile kikombe chenye picha ya kuku."

"Weka hapo."

Akaweka. Akabaki amesimama.

"Nionyeshe kosa langu, Ouida."

"Kocha ameshaliona."

"Kocha haoni hata soksi zake. Miaka arobaini, unaninyima dakika moja?"

Kadi ilikuwa kwenye mfuko wa aproni. Nilikuwa natembea nayo kama cheti. Nikampa.

Hakuisoma. Hilo ndilo lililonishtua. Aliishika kwa vidole viwili akaisugua, kama mtu anayenunua kitambaa. Akaipeleka dirishani. Akachukua mojawapo ya kadi za Ijumaa za vijana wengine, akaishika kando yake.

"Mimi napiga chapa kwenye karatasi ya shule," akasema. "Nyeupe, nyepesi, unaona vidole vyako upande wa pili. Hii ni nzito. Na ina rangi ya siagi."

"Ni jasho."

"Jasho?" Akanisogezea usoni. "Wewe ndiye mfua jasho. Nusa."

Nikanusa. Wasomaji wangu, ilinuka karatasi.

Wenzake wote walikimbia na kadi zao, wakaanguka nazo, zikalowa, zikakunjamana, zikachafuka kwa majani. Hii ilikuwa kavu kama bahasha mpya. Miaka thelathini na moja nafua jasho la watu, na Jumanne ile pua yangu ilikwenda likizo kwa sababu nilichokisoma kilinipendeza.

"Umeshaishika karatasi hii," Nelwyn akasema. "Jumapili nzima ulijipepea nayo. Ni ile ya matangazo ya kanisa ya mwezi wa mavuno."

Nikaichukua kadi mkononi mwake, nikaipima uzito.

"Nani anayapiga chapa na kuyakunja Jumamosi, Ouida?"

Kazi ile niliiomba mimi kwa mchungaji. Nilisema kijana wangu akae karibu na mambo ya Mungu.

"Basi," akasema. Akafunga vifungo vya koti.

"Utamwambia Kocha?"

"Mimi? Hapana. Mbele ya mji ulinichafua wewe. Utanisafisha wewe. Si ndiyo kazi yako, kufua?"

Akafika mlangoni, akageuka.

"Na mistari yako imepinda. Watoto watasoma wakiwa wameinamisha shingo."

Akatoka. Nikabaki na kikombe cha kuku.

Jioni hiyo nilipika steki ya kukaanga na mchuzi mweupe, chakula anachokipenda Dabney kuliko vyote. Sikupika kwa mapenzi. Nilitaka awe ameshiba asipate kisingizio.

Alikuja ameloa nywele kutoka mazoezini, akanibusu kipara, maana utosini nimeshaanza kuisha. Akakaa. Akala. Nikaiweka kadi kando ya sahani yake.

Aliitazama. Akaendelea kutafuna, polepole zaidi.

"Ulijuaje?"

Si "nini hii?" Si "sijui unasema nini, Bibi." Ulijuaje. Moyo wangu ulikuwa bado umeshika kamba moja nyembamba, akaikata kwa neno hilo.

"Ilikuwa kavu," nikasema.

"Sikufikiria jasho." Akatikisa kichwa kama aliyekosa jibu moja la mtihani. "Nilifikiria kila kitu kingine."

"Nieleze."

Akanieleza. Ijumaa ile kadi yake ilikuwa sawa na za wenzake, herufi kwa herufi. Alirusha kushoto kwa sababu aliogopa. Aliwaona wale vijana wa Quarles wanamjia, mikono ikafanya yake. Mara tatu. Jumamosi, kanisani, alikaa mbele ya mashine ya chapa akakumbuka namba zote tatu alizoziharibu, akatengeneza kadi ambayo ndani yake makosa yake yote yalikuwa utii. Jumapili akaitia kwenye kanda chafu, ndani ya mfuko wa kufua.

Ningejua ana akili hiyo ningemsomesha uwakili.

"Ulijua nitaiona."

"Wewe unaangalia kila kitu, Bibi. Unasoma hata risiti za watu."

"Na ulijua nitakwenda kwa Kocha."

"Kocha angeniambia hapana. Wewe huambiwi hapana." Alisema kwa upole, kama ananisifu. "Ukianza kupiga kelele, hakuna mtu Tolliver anayekuzima."

Nimesalitiwa na mume mara moja, na binti mara nyingi, na paa. Wote hao waliniacha tu. Huyu alinitumia. Alinichukua kama nilivyo, mdomo wangu, pua yangu, mapenzi yangu kwake, akanifunga kama mota kwenye mashine yake, akawasha.

"Na Nelwyn?" nikamuuliza. "Nelwyn alikukosea nini? Amekuletea keki kila siku yako ya kuzaliwa."

"Wewe ulisema mkasi wake hautanipenda kamwe maadamu Brance yupo. Ulisema mezani hapa hapa. Umesema mara nyingi."

"Nilikuwa natania."

"Sasa nitajuaje, Bibi?" Akainua macho. "Unatania kila siku. Sijui lini hutanii."

Niliinuka nikaosha sufuria iliyokuwa safi.

"Kesho kabla ya mchezo unamwambia Kocha."

"Nitamwambia. Baada ya mchezo."

"Kabla."

"Bibi, mazoezini narusha mia, tisini zinafika. Waulize. Ni watu wakijaa tu ndipo naharibika. Naihitaji Ijumaa nyingine moja niizoee. Haki ya Mungu nitasema Jumamosi asubuhi."

"Hiyo Ijumaa ni ya Brance sasa."

"Brance atacheza mwaka ujao. Na Mama hatakuja mwaka ujao."

Sufuria ikaniponyoka.

"Mama yupi?"

"Mama. Amepiga simu. Anakuja kesho kunitazama. Amesema atakaa upande wa ubao wa matokeo, avae nyekundu nimwone." Akainamisha kichwa. "Hajawahi kuniona nikicheza hata mara moja. Nilimwambia mimi ndiye ninayeanza. Nilimwambia wiki mbili zilizopita, wakati ilikuwa kweli."

Binti yangu alipiga simu, na mimi sikuambiwa. Nilikuwa jikoni, pengine namkaangia mwanawe.

Nikakaa. Nikamtazama yule mtoto, ana miaka kumi na sita, mchuzi umemganda kidevuni. Sasa niambieni nyinyi mnaojua kuhukumu. Anastahili kucheza? Siku ya Jumatatu nilikuwa na jibu, nilipanda nalo juu ya benchi. Alhamisi sikuwa nalo. Nilikuwa na hasira na huruma, zimechanganyika kama rangi kwenye maji ya kufulia, na mtu yeyote anayefua atakwambia hapo nguo nyeupe imeshakwisha.

"Kula," nikamwambia. "Inapoa."

Ijumaa, saa kumi na mbili na robo jioni. Jua bado linaning'inia juu ya kiwanda cha pamba, na bendi ya shule inapasha tarumbeta moto. Uwanja umejaa wazee waliorudi na matumbo mapya. Kila msichana anapita na ua lake, njuga zinalia mji mzima kama tumevamiwa na mbuzi.

Mimi kifuani sikuwa na kitu. Ua la Nelwyn nililitengeneza tangu mwezi wa nane, lilikuwa limelala kwenye boksi chini ya kitanda. Sikuwa na uso wa kulipeleka.

Vijana wakapita mlangoni mwangu mmoja mmoja kuchukua kanda. Brance alipita wa tano. "Asante, Bibi." Akaivaa akaondoka, kanda ya mtu wa benchi.

Dabney alikuja wa mwisho. Jezi namba tisa, nimeipiga pasi mwenyewe. Alikuwa mzuri, Mungu anisamehe, alikuwa mzuri sana.

"Yupo," akasema. "Mama. Nimemwona, amevaa nyekundu."

Nikampa kanda. Akaivaa, akatazama kidirishani. Rangi ikamtoka.

Ndani nilitia ile ile. Kadi ya rangi ya siagi.

"Bibi, hii siyo."

"Ndiyo uliyojiandikia."

"Nyeupe yangu iko wapi?"

Nikaitoa mfukoni, nikamwonyesha. "Hii nampelekea Kocha. Ukiitaka, nenda kamwombe yeye, na umwambie kwa nini huna. Ukimwambia mwenyewe, na akasema ucheze, nitakuwa wa kwanza kupiga makofi. Kushoto ofisi yake. Kulia uwanja. Kelele zangu hutazipata tena."

Alisimama pale koridoni. Nje watu walianza kuimba namba za wachezaji. Midomo yake ilikuwa inatetemeka, nami nikafikiri, analia, basi atakwenda kushoto, mtoto wangu atakwenda kushoto.

Halafu nikaona kwamba midomo haitetemeki. Alikuwa anahesabu.

"Kumi na saba, kimbieni kulia," akasema. "Ishirini na mbili, mpe Cody. Thelathini na nne, rusha kati." Akaniangalia, na uso wake ulikuwa wa Lurleen mtupu, usiku ule aliponiambia anatoka mara moja tu kununua maziwa. "Nimezishika zote kwa kichwa, Bibi. Sihitaji kadi."

Akavaa helmeti. Akanibusu kupitia vyuma vyake, baridi.

Akaenda kulia.

Nikasikia uwanja ukipokea jina lake. Kwanza miguno, kisha makofi machache, kisha sauti moja ya mwanamke upande wa ubao, inamwita kwa jina la utotoni. Niliijua sauti ile. Niliizaa mimi.

Nilikuwa bado nimesimama na kadi nyeupe mkononi Kocha alipotokea, filimbi shingoni, haraka usoni.

"Mama Ouida, dakika nne zimebaki mchezo uanze. Mbona..." Akaiona kadi. Akaigeuza, akaona namba tisa niliyoiandika nyuma. "Hii ni ya Dabney. Amekwenda uwanjani na nini mkononi?"

"Lyle..."

"Usiniambie." Akapandisha pumzi. "Imebadilishwa tena? Nilimkataza yule karani asikanyage humu. Nilimkataza kwa heshima. Sasa nitamwita mkuu wa shule, na nitamtoa uwanjani mbele ya watu. Niambie tu, Mama. Nelwyn alikuwa hapa leo?"

Kabla sijajibu nikasikia njuga.

Alikuwa nyuma yake, kwenye mlango wa koridoni, kwenye gauni lile lile la kanisani. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Kifuani kwake hakukuwa na ua. Mkononi alikuwa ameshika moja, kubwa kama sahani, tepe zake za buluu zinaburuta sakafuni, na katikati, kwa gundi yangu mwenyewe, alikuwa ameandika OUIDA.

Kocha hakumwona. Alikuwa ananitazama mimi, anasubiri jina.

Na Nelwyn naye alikuwa anasubiri jina, na vidole vyake vilikuwa vimebana zile njuga ili zisilie.